Kuvuta gari dogo nyuma ya gari-nyumba: niliunguza gia boksi ya IST, sasa navuta Escudo (Dodoma, Kondoa, Iringa)

Mpima Maji:

Mbukwenyi wakuu,

Mimi ni mpima maji. Nazunguka Chemba, Kondoa, Bahi mpaka Manyoni na mashine ya kupimia chini ya ardhi, natafuta pa kuchimba kisima, halafu nasubiri wachimbaji waje. Kazi moja inaweza kunishikilia porini wiki 3. Gesti za vijijini nimezilala miaka mingi mpaka mgongo ukasema basi. Ndipo nikanunua Mitsubishi Rosa iliyochoka kubeba wanafunzi, nikang'oa viti vyote isipokuwa vya mbele, nikaweka kitanda, jiko la gesi, tenki la maji la lita 200 na meza ya kuchorea. Hiyo ndiyo gari-nyumba yangu. Mke wangu akiwa likizo tunakwenda wote.

Raha yake inakatika pale unapoegesha. Umeshashusha ngazi, umetandika, umeinjika sufuria, ghafla unakumbuka huna chumvi. Unahamisha nyumba nzima kwenda dukani. Na sehemu ninazoitwa kupima hazina barabara ya Rosa: makorongo, mchanga, njia ya mkokoteni kati ya miiba. Nikaona dawa ni kuvuta gari dogo nyuma, kubwa likilala mimi naendelea na dogo.

Naandika uzi huu kwa sababu mwezi uliopita pale Mayamaya nilikutana na kijana ana Coaster ameitengeneza vizuri sana, kuliko yangu. Ameshachomelea chuma nyuma, anataka kuvuta Passo ya otomatiki ikiwa imekanyaga lami kwa matairi yote manne. Nilimwomba asiondoke siku ile. Tulizungumza kidogo tu, jua lilikuwa linazama. Hapa nataka nieleze kwa kirefu, kwa sababu mimi nililifanya hilohilo na lilitugharimu.

Gari la kwanza kulivuta lilikuwa Toyota IST ya mke wangu, ya otomatiki. Aliinunua kwa fedha ya vikoba, miaka mitatu anaweka. Fundi niliyemwamini (simtaji wala gereji yake siitaji) akasema: weka frii, achia hendibreki, ondoka. Tukafunga mkono wa chuma, tukatoka Dodoma alfajiri kuelekea Kondoa. Msalato, Mayamaya, Haneti, lami safi, Rosa wala haisikii kama kuna kitu nyuma. Na hilo ndilo lililonilaza. Nilikuwa nasikiliza injini ya Rosa, na injini ya Rosa haikuwa na tatizo lolote.

Karibu na Chemba, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, tukasimama kunywa chai. Nilipopita ubavuni mwa IST nikasikia harufu. Siyo ya mpira, siyo ya breki. Kama mafuta ya maandazi yaliyosahauliwa jikoni mpaka yakawa meusi. Nikainama. Chini ya gia boksi kulikuwa na tone limening'inia, likaanguka kwenye vumbi, na pale lilipoangukia ukapanda moshi mwembamba. Nikachomoa kijiti cha kupimia. Mafuta ya gia boksi yanatakiwa yawe mekundu kama juisi ya rozela; haya yalikuwa kahawia iliyoungua, na nilipoyasugua kati ya vidole nikahisi chengachenga. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe mkononi. Hakusema neno. Alimwaga ile chai, akarudi kukaa ndani ya Rosa.

Gia boksi ilikufa. Nilinunua nyingine iliyotumika, na malipo ya kisima kizima yakaishia pale.

Sababu yake ni hii. Gia boksi ya otomatiki ina pampu yake ya mafuta, na pampu hiyo inazungushwa na injini, haizungushwi na matairi. Injini ikizimwa pampu imelala. Lakini matairi ya mbele ya IST yanazunguka barabarani, yanazungusha shafti, shafti zinazungusha vyuma vya ndani, kilomita baada ya kilomita, na hakuna mafuta yanayopelekwa huko. Frii inazuia injini isisukume matairi. Haizuii matairi yasisukume gia boksi. Zile zenye CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), ambazo ndizo nyingi siku hizi kwenye Vitz na Passo za karibuni, ni hadithi hiyohiyo, tena huko ndani kuna mkanda wa chuma unaotegemea mafuta yenye presha.

Naendelea baadaye na habari ya Escudo, taa na breki. Maswali karibuni.

Dereva Mstaafu:

Pole sana mkuu, na mfikishie shemeji pole zetu. Sisi wa malori hilo tulifundishwa tukiwa matingo: gari likifa, kabla halijavutwa mbali, propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma) inashushwa kwanza. Wengi wanadhani ni utaratibu tu wa makampuni. Sasa tuambie, mwenye gari la manyuali yeye yuko salama?

Mama Wawili:

Samahani kaka, kwa nini usibebe pikipiki nyuma ya hiyo Rosa ukaachana na haya yote? Mume wangu ana Canter yenye kibanda anauzia nguo minadani, pikipiki anaifunga nyuma na anafika popote.

Mpima Maji:

Dada yangu, kama kazi ingekuwa ya mtu mmoja na begi ningefanya hivyo kesho, na mumeo yuko sahihi kabisa kwa biashara yake. Mimi nina mashine, betri mbili, magurudumu manne yaliyoviringishiwa waya, vigingi vya chuma, nyundo mbili na vijana wawili wa kuvigongelea. Na masika ya huku mnayajua, mvua haiji kila siku lakini ikija inakuja na korongo lake. Pikipiki haikubebi na waya wa mita mia kadhaa kwenye tope.

Mzee wangu Dereva Mstaafu, swali lako ni zuri kwa sababu hapo ndipo watu wanapojiamini kupita kiasi. Manyuali haina pampu ya kutegemea injini, mafuta yanarushwarushwa na gia zenyewe zikizunguka kwenye bwawa lake. Kwenye gari nyingi za manyuali zinazovuta kwa matairi ya mbele, tairi zikizunguka gia kubwa ya difu inazunguka kwenye mafuta na mambo yanakwenda. Lakini manyuali ya kuvuta nyuma, yenye propela, ni tofauti. Ukiweka frii, ile shafti ya chini yenye gia nyingi, ambayo ndiyo inayochota mafuta, inasimama, maana inaendeshwa kutoka upande wa injini. Shafti ya kutokea inaendelea kuzungushwa na propela, na juu yake mafuta hayafiki inavyotakiwa. Kwa kilomita 10 hutajua. Kwa kilomita 200 beringi itakuambia. Ndiyo maana mlifundishwa kushusha propela.

Kwa hiyo kabla ya yote, soma kitabu cha gari lako sehemu ya kuvutwa. Kimeandika kama linaruhusiwa, kwa mwendo gani na umbali gani. Kama kimepotea, tafuta cha modeli hiyohiyo. Kitabu cha ndugu yake wa modeli nyingine hakikusaidii.

Mpima Maji:

Habari ya Escudo sasa.

Baada ya IST nilikaa miezi nikitafuta gari linaloweza kuvutwa bila kuumia. Nikaangukia Suzuki Escudo ya zamani, ile fupi ya milango mitatu, manyuali, yenye kigingi cha pili cha gia kwa ajili ya transifa, kile kisanduku kinachogawa nguvu kwa matairi ya nyuma na ya mbele. Kigingi hicho kina 2H (matairi mawili), 4H (yote manne), N (frii) na 4L (yote manne, taratibu kwa nguvu). Hiyo N ndiyo dhahabu. Ukiiweka hapo, transifa inakata kabisa mawasiliano kati ya propela na gia boksi, kwa hiyo gia boksi inalala usingizi wakati matairi yanatembea. Marekani gari hilohilo liliuzwa kwa jina la Sidekick, na wenye gari-nyumba wa huko walilipenda kulivuta kwa sababu hiyohiyo. Zile za baadaye zenye kitufe badala ya kigingi msizihesabu humu mpaka muwe na uhakika kwamba zina N ya kweli.

Transifa yenyewe bado ina vyuma vinavyozunguka, kwa hiyo siiachi iende tu. Safari fupi, mfano Dodoma hadi Haneti, naweka N, na nikisimama naiwasha Escudo kidogo ili mafuta yatembee. Safari ndefu nashusha propela ya nyuma kabisa, na haba za mbele (vitovu vya tairi) naziacha zimefunguliwa, matairi yazunguke bila kuzungusha shafti. Nalala chini kwenye turubai, bolti nne kwenye difu, najitwisha propela kifuani naitoa. Kabla ya kulegeza bolti ya kwanza napiga mstari wa rangi nyeupe unaokata flanji zote mbili (sahani zinazoungana), ili nikirudisha ikae palepale ilipokuwa. Ukiikosea ukaigeuza, unaweza kusikia mtetemo. Na ukishashusha propela, kumbuka kwenye baadhi ya gari za zamani hendibreki iko kwenye propela hiyohiyo. Yangu iko kwenye matairi ya nyuma, lakini mawe chini ya tairi naweka vilevile. Mtu akiwa amelala chini ya gari, gari halitakiwi kuwa na uamuzi wake.

Jambo la usukani: ukichomoa funguo, stelingi inajifunga, na gari lenye stelingi iliyofungwa halifuati kona, linaburuzwa. Inabidi funguo ikae kwenye hatua ya kwanza. Sasa hapo betri inaliwa taratibu na redio na vinginevyo. Mimi nachomoa fyuzi mbili, nazibandika kwa gundi ya karatasi kwenye dashibodi mbele ya macho yangu nisizisahau.

Mjukuu wa Nala:

Mkuu huo mkono wa chuma umeufunga wapi? Mimi nina Rosa pia, na bampa ya nyuma naiona kama bati.

Mpima Maji:

Umeona vizuri. Bampa ni bati kweli. Rosa na Coaster zina mkia mrefu sana baada ya ekseli ya nyuma, na chesesi za aina hii wakati mwingine huongezewa kipande cha mwisho chepesi kwa ajili ya kubeba bodi tu. Ukifunga hapo, siku ya tuta kubwa utaacha kipande barabarani pamoja na gari. Fundi wangu wa kuchomelea Kizota alifuata chesesi mpaka pale ilipo nene, akapitisha vyuma viwili vya pembe vya urefu wa zaidi ya mita moja kila upande, akafunga kwa bolti na sahani nyuma yake. Hakuchomelea moja kwa moja kwenye chesesi, na nilimshukuru kwa hilo, maana joto la kuchomelea linaweza kudhoofisha chuma pembeni ya mshono.

Upande wa Escudo mkono ni wa herufi A: miguu miwili inashika chesesi ya Escudo kushoto na kulia, kichwa kimoja kinakuja kwenye mpira wa chuma wa kuvutia, wa milimita 50, nyuma ya Rosa. Usikubali mkono wa mguu mmoja uliofungwa kwenye ndoano ya kuvutia iliyo upande mmoja. Hiyo ndoano ni ya kuchomolewa kwenye tope. Kilomita 300 si kazi yake.

Halafu minyororo miwili, imepishana chini ya kichwa cha A kama mtu aliyefunga mikono. Kichwa kikichomoka, kinaangukia juu ya ile minyororo badala ya kuchimba lami. Urefu wake uruhusu kona lakini isiguse chini. Wakati wa kiangazi huku kwetu nyasi zikikauka pembeni ya barabara, mnyororo unaoburuzika na kutoa cheche ni moto wa kijiji kizima.

Fundi Umeme Kizota:

Naomba niingilie kwenye taa kwa sababu nimeshaletewa kesi hizi. Rosa, Canter na Fuso ni volti 24. Hiyo Escudo, IST, Passo, zote ni 12. Watu wanachukua waya wa taa ya breki ya Rosa wanaunga moja kwa moja kwenye taa ya gari dogo. Volti mara mbili, nguvu kwenye balbu mara tatu mpaka nne. Inawaka nyeupe kama mwezi sekunde chache, halafu kimya. Na kama gari dogo ni la kisasa lenye kompyuta inayoendesha taa, huishii kwenye balbu, hata kompyuta inaweza kuungua.

Mpima Maji:

Fundi umesema kweli tupu, mimi balbu tatu zilikwenda jioni moja kabla sijajua. Sasa natumia njia nyepesi kuliko zote: ubao wenye taa zake za volti 24, breki, indiketa, taa za usiku na viakisi vya pembetatu, naufunga kwa mikanda nyuma ya Escudo kwenye tairi la akiba. Waya unapita juu kutoka plagi ya Rosa. Taa za Escudo yenyewe hazihusiki kabisa. Kila asubuhi mtu mmoja anakaa nyuma, mwingine anakanyaga na kuwasha, tunaitana: breki, kushoto, kulia. Dakika moja.

Kabla ya safari ya kwanza ya maana nilipitia kituo cha trafiki na gari zote mbili zikiwa zimefungwa, nikawaomba waangalie. Waliangalia taa, minyororo, namba ya nyuma kama inasomeka, wakaniambia cha kurekebisha. Bima nayo nilimwandikia wakala wangu kwamba gari hili linavuta na hili linavutwa, nikaomba jibu kwa maandishi. Barua hiyo iko kwenye dashibodi.

Dereva Mstaafu:

Hayo yote yamenyooka. Mimi nangoja breki. Kuvuta kila mtu anaweza.

Mpima Maji:

Mzee, nilikuwa nakuja huko, na hapa naomba kila mtu asome taratibu.

Mzani wa Nala ulinisomea Rosa kilo 5,600 ikiwa na maji, gesi, vyuma na sisi. Escudo ni kama 1,100. Yaani nimeongeza karibu moja ya tano ya uzito, na uzito huo hauna breki hata moja inayosikia mguu wangu. Kwenye tambarare ya Bahi hutaliona. Kupanda pia hutaliona sana, utashusha gia tu.

Nilikwenda Iringa kupitia Mtera. Kwenda, mlima Nyang'oro tuliupanda vizuri, gia ya pili, watu wanatupita. Kurudi ndiyo kushuka. Mlima ule unashuka kwa kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine unaiona nchi yote ya chini hadi kule bwawani. Nilianza gia ya tatu, na hapo nilishakosea. Rosa ikaanza kukusanya mwendo, nikakanyaga, ikatulia, nikaachia, ikakusanya tena. Kila nikikanyaga kwenye kona nasikia kitu kinanisukuma kiunoni, mkia wa Rosa unataka kwenda pembeni. Ilikuwa Escudo inanisukuma. Kona ya nne au ya tano pedali ikaanza kuwa laini, inashuka zaidi kuliko mwanzo. Mke wangu alishika chuma cha mlango kwa mikono miwili. Nikawasha breki ya eksozi (inayoziba moshi ili injini ishike mwendo), nikalazimisha gia ya pili, injini ikalia sana, ikashika. Tukatambaa mpaka sehemu pana pembeni. Haba za mbele za Rosa huwezi kusogeza kiganja karibu. Tulikaa pale zaidi ya nusu saa bila kumwaga maji, kwa sababu maji ya baridi kwenye chuma cha moto yanapasua.

Tangu siku hiyo sijavuta Escudo bila breki zake. Nilinunua kichwa cha kuvutia kutoka kwenye tela la mtumba kutoka Ulaya, kile kinachosukumana: Rosa ikipunguza mwendo, Escudo inakuja mbele, kichwa kinaingia ndani kama sentimita kadhaa, na kuingia kwake kunavuta waya wa chuma unaokanyaga pedali ya breki ya Escudo. Escudo inajifunga yenyewe kadiri inavyosukuma. Pedali inakuwa ngumu kwa sababu injini imezimwa na ile puto ya kusaidia breki haivutwi upepo na injini, kwa hiyo mkono wa kuvuta waya lazima uwe na nguvu ya kutosha. Fundi wangu aliurefusha mara mbili ndipo ukakubali. Kuna waya mwingine mwembamba unaofungwa kwenye Rosa yenyewe. Gari zikiachana, waya huo unavuta breki kabla haujakatika.

Namna ya kujua kama inafanya kazi: shuka mlima mdogo, simama, pita kila tairi na mgongo wa mkono, karibu bila kugusa. Haba za Escudo zikiwa na uvuguvugu na za Rosa zikiwa na uvuguvugu, wanagawana kazi. Za Escudo zikiwa baridi kabisa, waya umelegea. Zikiwa moto wakati hujashuka mlima wowote, waya umekaza na unatembea umekanyaga breki.

Na mwendo. Natembea 60, nikipitiliza sana 70. Nguvu inayotakiwa kuondolewa na breki haiongezeki sawasawa na mwendo: gari linalokwenda 80 lina nguvu mara 1.78 ya lile la 60. Matairi ni yaleyale, breki ni zilezile.

Mjukuu wa Nala:

Nimekupata mkuu. Na kurudi nyuma inakuwaje? Mimi tela la kawaida nalirudisha bila shida.

Mpima Maji:

Usirudi nyuma. Tela lina matairi yaliyonyooka. Escudo ina matairi ya mbele yanayokata kona yenyewe, ukirudi nyuma yanajigeuza mpaka mwisho na kuanza kuburuzwa kiubavu, na mkono wa A unapinda. Zaidi ya hapo kile kichwa kinachosukumana kinadhani unapiga breki. Mimi niliingia njia ya kitongoji kimoja karibu na Kelema, mbele kuna mti umeanguka, kulia mtama, kushoto ukuta wa nyumba ya mtu. Tulifungua Escudo, tukairudisha peke yake, tukairudisha Rosa, tukafunga tena. Dakika 20, na mwenye mtama alitusaidia kusukuma. Kwa hiyo kabla sijaingia njia nisiyoijua, kijana mmoja anatangulia kwa miguu.

Kingine kinachowashtua watu ni kwamba hutalijua gari la nyuma likipata pancha. Rosa haisikii, na kwenye kioo cha pembeni Escudo haionekani kabisa, imejificha nyuma ya bodi. Nimefunga kamera ya nyuma yenye kioo kidogo karibu na stelingi, na bado nasimama kila baada ya kilomita 50 hivi, naigusa kila tairi na kila haba. Na wekeni mpira mpana wa kuzuia mawe nyuma ya Rosa. Kioo cha mbele cha Escudo kilipata nyufa mbili wiki ya kwanza.

Mama Wawili:

Kaka kwa shida zote hizo, umefaidi nini?

Mpima Maji:

Dada, nikupe siku moja tu. Likizo iliyopita tulikwenda Kolo, kama kilomita 20 mbele ya Kondoa, kwenye michoro ya miambani ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Rosa tuliiacha kijijini karibu na ofisi ya Mambo ya Kale, tukamchukua mwongozaji, tukaifungua Escudo. Njia ya kwenda Mungomi wa Kolo ina mchanga wa mto, halafu mwisho wake ni mwinuko wa mawe. Rosa isingefika hata robo. Escudo ikaweka 4L ikapanda kama mbuzi. Mke wangu alisimama chini ya mwamba akiangalia zile picha nyekundu za watu warefu wembamba na wanyama, muda mrefu, mwongozaji akamaliza maelezo yake na yeye bado yuko palepale. Kijijini tukamkuta mgeni wa Kijerumani na lori lake la kulala, anaomba usafiri wa kupanda. Akashangaa mkono wangu wa A, akasema kwao gari hupandishwa juu ya tela kwanza. Tukampeleka. Jioni tukarudi, chakula kilikuwa tayari, kitanda kimetandikwa, hatukuhamisha hata kijiko.

Kazini faida ni kubwa zaidi. Vijiji viwili kwa siku badala ya kimoja.

Coaster ya Babati:

Mkuu shikamoo. Ni mimi yule wa Mayamaya. Nimesoma yote. Passo bado ninayo na sina uwezo wa kuibadilisha sasa hivi. Nifanyeje? Na ule mpira wa kuvutia uko juu kiasi gani kutoka chini, maana wangu naona umekaa juu sana.

Mpima Maji:

Marahaba kijana wangu, nimefurahi kweli kukuona humu.

Passo yako kama ni ya kuvuta matairi ya mbele tu, njia ipo: kitela kidogo cha magurudumu mawili, matairi ya mbele yanapanda juu yake na kufungwa kwa mikanda, ya nyuma yanatembea barabarani. Gia boksi haizunguki hata kidogo. Hendibreki uiachie, hiyo usiisahau, maana inashika hayo matairi ya nyuma. Kitela kiwe na breki zake. Usiipandishe kinyumenyume, ukinyanyua matairi ya nyuma na kuacha ya mbele chini umerudi kwenye msiba wangu. Na kabla hujatoa fedha, chungulia chini ya Passo katikati: ukiona propela inakwenda nyuma, ni ile ya matairi manne, na hiyo haifai kitela cha namna hii. Hiyo ni ya kupandisha nzima juu ya tela la magurudumu manne, na hapo uhakikishe chesesi ya Coaster inabeba.

Kile chuma ulichokwisha kuchomelea, mpelekee fundi akifuatilie mpaka kwenye chesesi nene kama nilivyomweleza Mjukuu wa Nala. Ulikuwa umekifunga kwenye kipande cha mwisho, nilikiona.

Kuhusu urefu, nimetoka nje na futi sasa hivi, Rosa ikiwa na maji na vyombo vyote. Katikati ya mpira hadi chini ni sentimita 46. Kwenye Escudo, pale miguu ya A inaposhika, ni sentimita 44. Mkono unakaa karibu sawa na ardhi. Pima ya kwako ikiwa imepakia, usipime tupu, springi zitashuka.